Badili leseni ya ulichoandika wewe, kazi yangu niulize kwanza!

Wakuu, nimekasirika. Kuna programu ya kuandikia mauzo ya sangara na dagaa tuliyoitengeneza vijana wa hapa Mwanza, mawakala wanaitumia Mwaloni, Kirumba. Mwanzilishi aliitoa huria kwa GPL toleo la 3 (leseni inayomruhusu yeyote kutumia, kubadili na kusambaza programu, mradi afuate masharti yake), wengine tukachangia. Mimi niliandika sehemu ya kusoma mizani na kutoa risiti. Juzi huyo mwanzilishi kaamka, kabadili leseni iwe ya kulipia, na anawatumia mawakala meseji kwamba hata mwenye toleo la zamani alipe au alifute.

Tusimwonee. Mtunzi anaweza kubadili leseni ya kazi yake mwenyewe, na wanaomwita mwizi kwa hilo tu wanakosea. Kampuni ya HashiCorp walibadili leseni ya programu yao ya Terraform 2023, kampuni ya Redis wakafuata Machi 2024. Lakini matoleo yaliyokwisha kutoka watu waliyachukua wakayaendeleza, ndiyo OpenTofu na Valkey za leo. Kilichotolewa huria hakirudishwi kabatini. GPL yenyewe inasema haki ulizopewa haziondolewi maadamu unafuata masharti. Kwa hiyo kumtisha mama wa dagaa alipie toleo la zamani ni utapeli, basi.

Linaloniuma zaidi ni hili: hakuna karatasi tuliyosaini kumpa hakimiliki yetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia, na mwenye haki ni aliyeandika. Watu wa VLC, ile programu ya kuchezea video, walipotaka kuhamisha maktaba yao ya msimbo kutoka GPL kwenda LGPL (ndugu yake iliyolegea zaidi), waliwatafuta wachangiaji waliotawanyika duniani kuwaomba ruhusa. Huyu tunapishana naye Kirumba kila siku, kupiga simu kumemshinda!

Nimefungua faili langu nikakuta jina langu la juu kafuta. Ila maelezo niliyoandika katikati, "usiguse hapa, mizani ikilowa inaleta namba za uongo", yapo vilevile. Hata kuiba kwa umakini hajui.

Ama aje atuombe (bei tungeelewana, mimi si mgumu), ama atoe vipande vyetu aandike vyake. Mawakala, toleo la zamani msililipie hata senti. Ninalo lote kwenye kompyuta, anayelitaka aje PM.

Na kama kuna mtu humu aliwahi kupeleka malalamiko ya programu COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania), anieleze walimtaka aende na vielelezo gani. Jumatatu naanza kufuatilia.