Stopwochi au sampuli ya nasibu: nipimie nini kazi ya kiwandani?

Laini_Namanve: Wakubwa, naomba ushauri. Zoezi letu la uhandisi wa viwanda ni laini ya kufunga unga wa posho (unga wa mahindi), mifuko ya kilo 25: kujaza, kupima, kushona, kupanga. Tuko wawili, wiki mbili. Stopwochi, au sampuli, yaani kupita kwa nyakati za nasibu na kuandika kama kazi inaendelea au imesimama?

MpimaKazi: Ukitaka kujua mfuko unastahili sekunde ngapi, stopwochi. Gawanya kazi vipande vyenye mwanzo na mwisho unaoonekana: kushona kunaanza mfuko ukigusa mashine, kunaisha uzi ukikatwa. Pima raundi 10 za awali. Wastani ukiwa sekunde 40 na mchepuko sanifu (vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani) 4, raundi 16 zinatosha kwa usahihi wa asilimia 5, uhakika wa 95. Fundi akienda kwa asilimia 90 ya kasi ya kawaida: 40 × 0.9 = 36. Ongeza asilimia 15 ya uchovu na haja binafsi, unapata 41.4. Yaani karibu mifuko 87 kwa saa, si 90.

Mama_Ratiba: Hiyo 0.9 ndiyo inayowaangusha wanafunzi. Mtu akiona saa hubadilisha mwendo, na ukiikadiria kasi baada ya kusoma saa, utaipindisha ifuate namba. Kadiria kwanza, soma baadaye. Na saa isifichwe. Wafanyakazi waelezwe mapema.

Jinja_Spana: Mimi nauliza: tatizo ni sekunde, au laini kusimama? Kama ni kusimama, sampuli, njia aliyoianzisha mtakwimu Tippett kwenye viwanda vya nguo Uingereza miaka ya 1930. Ukikisia inasimama asilimia 30 ya muda, kosa la pointi 5 za asilimia juu au chini, kwa uhakika uleule wa 95, linadai kuangalia mara 323. Dakika zichaguliwe kwa namba nasibu. Ukipita kila nusu saa kamili, unaweza kukuta kila mara wanabadilisha uzi. Andika sababu: uzi umekatika, unga haujafika, umeme umeenda. Kapu la "mengineyo" likijaa, hukupima kitu.

Laini_Namanve: Nikiangalia vituo vinne kwa mpigo mmoja, si nahesabu mara nne?

Jinja_Spana: Hapana. Umeme ukienda vyote vinasimama pamoja. Hesabu kila kituo peke yake.

MpimaKazi: Basi wiki ya kwanza sampuli, mara 54 kwa siku kwa siku 6. Ya pili stopwochi, kwenye kituo kinachobana tu, kile kinachochelewesha laini nzima. Kikiwa mizani, kule kuchota unga kiganja kwa kiganja mpaka sindano itulie kwenye 25 ni kipande chake. Usikichanganye na kujaza.