Azimio gani la mwaka mpya ni dogo kiasi cha kutimizika, lakini si dogo kiasi cha kupuuzwa?

Mama Vitenge, Kisumu:

Nawasalimu nyote. Mimi huuza vitenge na mitandio katika Soko la Jubilee hapa Kisumu, na pia ni katibu wa chama cha akina mama wafanyabiashara. Katika kikao chetu cha mwisho tulikubaliana kwamba mkutano wa kwanza wa Januari usiwe wa michango peke yake, bali kila mwanachama aje na azimio moja tu la mwaka, alisome mbele ya wenzake, nalo liandikwe katika daftari la kumbukumbu. Tuliweka masharti matatu: lisihitaji mtaji, kwa sababu sote tunaijua Njaanuari na karo zake, lisimtoe mtu kazini, na liwe la kupimika, ili itakapofika Juni tuweze kuulizana bila kubahatisha.

Sharti la tatu limezua mjadala. Mwenzetu mmoja anasema azimio lake ni kuwa mvumilivu zaidi kwa watoto wake, nasi hatujui uvumilivu unapimwa kwa kipimo gani. Mwingine anataka faini itozwe kwa yeyote atakayeshindwa, kama tunavyowatoza wanaochelewa kikaoni. Naomba ushauri wenu kabla sijaandika ajenda: ni maazimio ya namna gani yanayoweza kubebwa na mtu wa kawaida hadi Desemba, na je, tufanyeje kuhusu hili la kupima na kutoza?

Muuguzi wa Zamu, Kakamega:

Dada, nitazungumzia afya, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kosa ninaloliona kila Januari ni mtu kuazimia matokeo badala ya kitendo. Anayesema "nitapunguza uzito" hajasema atafanya nini kesho asubuhi. Anayesema "nikishamaliza kunywa chai ya asubuhi nitatembea hadi sokoni badala ya kupanda boda" amekwisha kutaja kitendo, saa na mahali, na hana la kukumbuka zaidi ya hapo, maana chai yenyewe itamkumbusha.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12, kila mmoja akiwa amechagua kitendo kimoja kidogo, kama kula tunda au kunywa maji, na kukiambatanisha na tukio la kila siku. Ripoti yao ilichapishwa katika jarida mwaka 2010. Walikadiria kwamba mtu wa kati alihitaji siku 66 kabla kitendo hakijaanza kujifanya chenyewe bila kufikiriwa, lakini tofauti zilikuwa kubwa mno: wapo waliohitaji siku 18 na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Kwa hiyo mwanachama wenu ambaye mwishoni mwa Januari bado anajisukuma kwa nguvu hajashindwa. Huenda ni mtu wa siku 200. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga zoea lililokuwa likijengeka, na hili ningependa lisomwe kikaoni, kwa sababu wengi huacha kabisa siku wanapoteleza mara ya kwanza.

Kwa vipimo vya kawaida, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na kutembea kwa kasi kunahesabiwa. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa jumla, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vitoweo vya dukani. Kuondoa kichupa cha chumvi mezani hakuhitaji mtaji, dada, na presha hainyamazi kwa sababu ni Januari.

Mhasibu wa Vyama, Nakuru:

Mimi hukagua vitabu vya vyama kadhaa vya akiba hapa Nakuru. Nina neno kuhusu fedha, ingawa umesema azimio lisihitaji mtaji. Kuweka akiba si mtaji, ni mpangilio.

Wafanyabiashara wengi huazimia mwezi wa Januari "kuweka akiba zaidi" katika mwezi ule ule ambao karo, sare na vitabu vimekwisha kumeza kila kitu. Azimio hilo linazaliwa likiwa na deni. Mimi huwashauri wateja wangu waihesabu Januari hii kuwa imekwisha kwenda, kisha waanze Februari kuiandalia Januari ijayo. Shilingi 50 zikitengwa kila jioni kabla ya kufunga kibanda, siku sita kwa juma, kwa majuma 50, ni shilingi 15,000. Si fedha za kujenga nyumba, lakini ni sare, viatu na sehemu ya karo bila kukopa kwenye simu. Msisitizo wangu ni kwenye "kabla ya kufunga", kwa sababu shilingi 50 zikifika nyumbani zitageuka mboga, na zikibaki kwenye salio la kawaida la M-Pesa zitatumwa kwa mtu kabla ya usiku wa manane. Ziende siku hiyo hiyo mahali ambapo kuzitoa kunahitaji hatua ya ziada, iwe ni Sacco au akaunti ya kufungia.

Kuna jambo jingine ambalo ni la mwaka mzima kwa maana halisi. Mchango wa bima ya afya ya jamii kwa wasio na mwajiri hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, nao hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, maana yake shilingi 3,600 kwa anayelipa kiwango cha chini kabisa. Mama anayeuza nyanya hana 3,600 za kutoa kwa mkupuo mwezi wa Januari, lakini akitenga shilingi 70 kila juma kuanzia sasa, mwakani atakuwa nazo na chenji.

Kisha kuna azimio lisilogharimu hata senti moja: kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naishi kwa methali hiyo. Aandike mauzo na matumizi ya siku katika daftari la kawaida la shule, mistari miwili tu. Kuhusu faini, naiunga mkono. Chama kisicho na faini hugeuka kuwa baraza la mazungumzo.

Mkulima wa Kimilili:

Mimi nauliza swali la kando: kwa nini lazima iwe Januari? Huku kwetu Kimilili Januari ni mwezi wa kiangazi, shamba limelala, na mtu mwenye busara analima tu na kusubiri. Mwaka wetu wa kweli unaanza mvua ndefu zinaponyesha mwezi wa Machi, mahindi yanapoingia ardhini. Hata Warumi, ambao ndio waliotuachia kalenda hii, hapo kale walianza mwaka wao kwa Machi. Ndiyo maana Septemba, jina lenye maana ya mwezi wa saba, leo ni mwezi wa tisa. Kwa hiyo mwanachama ambaye Januari imembana, mruhusuni aanze na mvua.

La faini sikubaliani nalo. Mkulima hatozwi faini kwa sababu mvua imechelewa.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu:

Mama Vitenge, hongera kwa kutoka nje ya mazoea ya kukutana na kuhesabu fedha tu. Ninao ubishi na wawili waliotangulia, na nitaanza na mkulima, ambaye ana haki kuhusu Machi lakini anaidharau Januari kupita kiasi. Watafiti watatu, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walichapisha mwaka 2014 kazi iliyoonyesha kwamba watu huelekea kuanza mambo mema, kama kwenda mazoezini, zaidi mwanzoni mwa juma, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa mwaka na baada ya siku zao za kuzaliwa. Na huko Marekani, John Norcross na wenzake walilinganisha watu walioweka azimio la mwaka mpya na wengine waliokuwa na tatizo lile lile wakasema watabadilika baadaye. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2002, baada ya miezi sita asilimia 46 ya walioazimia walikuwa bado wanaendelea vizuri, dhidi ya asilimia 4 tu ya wale wengine. Nusu na zaidi walianguka, ni kweli; lakini anayesema maazimio hayana maana yoyote na atazame ile asilimia 4.

Sasa faini. Hapa nampinga mhasibu kwa heshima zote. Faini ya kuchelewa kikaoni ni halali kwa sababu kuchelewa kunawaumiza wenzako. Azimio la moyoni halimdai mtu deni kwa chama. Mkianza kutoza, mtapata maazimio mepesi yaliyochaguliwa kwa hofu ya faini, na Juni mtapata uongo, kwani ni nani atakayekiri mbele ya wenzake ameshindwa huku mweka hazina amekunjua kitabu?

Ninaloliogopa zaidi ni huku kusoma hadharani. Mnasema maazimio yote yasomwe, lakini kuna mwanachama ambaye azimio lake la kweli ni kupatana na wifi yake ambaye hawajasemezana tangu mazishi ya mkwe, na wifi huyo pengine ameketi katika kiti cha tatu. Mwingine anataka kupunguza pombe. Mwingine anataka kuacha kucheza kamari kwenye simu, na mumewe hajui kwamba anacheza. Hawa mkiwalazimisha watasoma "nitatembea kila asubuhi", na lile lililowasumbua usiku litabaki bila shahidi. Waacheni wachague: anayetaka asome mbele ya wote, na anayetaka amwambie mtu mmoja tu anayemwamini, kisha daftarini paandikwe kwamba fulani analo azimio na fulani ndiye shahidi wake.

Kuhusu yule mama wa uvumilivu, asipime uvumilivu, apime kitendo kilicho jirani nao. Kwa mfano, kwamba mtoto akileta ripoti mbaya hatamjibu hadi watakapokuwa wamekwisha kula chakula cha jioni. Hilo mtu anaweza kulisemea ndiyo au hapana. Na kama angependa langu, mimi na mke wangu tulikubaliana simu zisikaribie meza ya chakula. Mwanzoni tulikaa kimya kama wageni, sasa tunagombana vizuri kama zamani.

Mama Vitenge, Kisumu:

Nawashukuru sana, hasa Mwalimu kwa hilo la shahidi mmoja, ambalo nitalipeleka kwenye ajenda kama lilivyo. Faini nitaiondoa, Mhasibu anisamehe, ila lake la shilingi 50 nitalisoma neno kwa neno, na yeyote atakayependa kuanza Machi aanze Machi mradi atutajie tarehe.

Muuguzi, nina swali moja lililobaki. Wengi wetu tunafungua vibanda kabla ya saa moja asubuhi na kufunga giza limekwisha kuingia, na mchana jua la Kisumu haliruhusu mtu kutembea kwa raha. Hizo dakika 150 tuzipate wapi?

Muuguzi wa Zamu, Kakamega:

Si lazima ziwe za mfululizo, dada. Hapo zamani tulishauriwa kuhesabu kuanzia dakika kumi za pamoja, lakini mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata dakika tano zinahesabiwa. Shukeni matatu vituo viwili kabla ya soko asubuhi, kungali na ubaridi. Mchana mzunguke ndani ya soko kwa hatua za haraka, kwenye kivuli, mmoja akimwangalizia mwenzake kibanda kwa zamu. Mwenye presha au kisukari apite kwanza kituo cha afya apimwe, kisha ndipo aandikishe azimio lake.