Naombeni ushauri: Kiingereza cha Okara kinanichanganya

MtoroWaKamusi: Habari wakuu, na shikamooni wakubwa. Nasoma The Voice ya Gabriel Okara wa Nigeria, ya 1964. Kitenzi anakitupa mwishoni mwa sentensi, na watu wake kila saa wanasemeshwa na "ndani" yao. Ni makosa, au mimi ndiye sijui Kiingereza? Usiku wa tatu huu sijalala.

BintiPwani: Si makosa. Kiijo, lugha ya kwao, huweka kitenzi mwisho, naye akaihamishia Kiingereza makusudi. Alijieleza mwenyewe 1963 kwenye jarida la Transition la Kampala: Waijo wakiagana usiku husema "tuishi tujione kesho". Soma kwa sauti, polepole.

MzeeWaMawio: Mimi niliandika insha ya Kiingereza kama ninavyoongea na bibi. Nilichapwa viboko vinne mbele ya darasa. Kumbe mwenzangu alichapishwa London!

Chui_Mkimya: Ngeli za Kiswahili zenyewe hamzijui, mnahangaika na Kiijo.

BintiPwani: Mtoro, riwaya pekee hainyimi mtu usingizi. Kuna nini?

MtoroWaKamusi: Sawa. Naitafsiri. Malipo ya awali nimeshapokea na nimeshayatumia. Kurasa 40 ziko tayari, nimezinyoosha zote, "ndani" nimeandika "moyo". Mhariri anauliza mbona Okolo, mhusika mkuu, anaongea kama msoma taarifa ya habari. Lakini nikiacha vitenzi mwishoni, watasema mfasiri hajui Kiswahili. Jina litakaloharibika ni langu.

Chui_Mkimya: Juu umesema huelewi, hapa umetafsiri kurasa 40. Huyu mwanachuo, anataka tumfanyie kazi ya nyumbani. Msimjibu.

MzeeWaMawio: Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka ukurasa mmoja tuuone.

MtoroWaKamusi: Mkataba hauniruhusu, mzee wangu.

Chui_Mkimya: Si nilisema?

BintiPwani: Awe mwanachuo, awe mfasiri, swali ni la kweli. Mtoro, malenga akisema "nyumbani kwake karudi", nani humwambia hajui Kiswahili? Sikio letu limezoea hayo kwenye shairi. Jaribu ukurasa mmoja hivyo, na "ndani" uirudishe.

MtoroWaKamusi: Vitenzi nitajaribu leo usiku. "Moyo" siutoi, dada. Sisi husema moyo umeniambia.

BintiPwani: Okara naye alikuwa na neno "heart" mkononi, akaliacha.