Alteneta iliyopakwa rangi siyo mpya, wauza spea acheni wizi!

Wakuu, nimetoka chini ya boneti sasa hivi, mikono imejaa grisi na nina hasira kweli kweli.

Taa ya betri iliwaka juzi nikiwa njiani. Nikapima: injini ikiwa imezimwa, volti 12.4. Nikawasha, ikasoma 12.1. Alteneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri, ikiwa nzima ingenipa kama 14. Mkanda nao ulishapasuka pasuka, nikasema nabadilisha vyote kwa mkono wangu. Kazi hii siyo ngeni kwangu. Hasi ya betri natoa kwanza, maana ule waya mnene wa alteneta una umeme hata ukizima swichi, spana ikigusa bodi ni cheche tupu. Njia ya mkanda nikaipiga picha kabla ya kulegeza tenshona, kile kifaa kinachoukaza.

Muuzaji nilimuuliza mara mbili: hii ni mpya au imekarabatiwa? "Mpya kabisa, bosi." Inang'aa, iko ndani ya boksi.

Nikafunga. Mkanda hauna shida, mifereji sita kama wa zamani, urefu uleule, umekaa kimya kwenye puli. Volti 14.2, nikashukuru Mungu. Dakika ishirini hazijaisha, injini imepata moto, beringi ikaanza kuvuma na volti zikashuka hadi 12.2. Taa ikawaka tena!

Nikaishusha. Nikakwangua rangi kwa kucha: chini yake kutu na mafuta ya zamani. Vichwa vya skrubu vina alama za bisibisi, na rangi imepita juu ya alama. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Brashi moja ya kaboni imebaki fupi kama kichwa cha kiberiti, na pete za shaba inazosugua zimechimbika. Hiyo ndiyo mpya yao!

Kumrudishia, ananijibu vitu vya umeme vikishafungwa havirudi, tena nimeiunguza mwenyewe kwa sababu sikumpelekea fundi. Sasa mtu ataijuaje alteneta bila kuifunga? Mashine ya kuizungusha mezani na kupima volti ipo, mbona hakuizungusha mbele yangu? Na brashi haiishi kwa dakika ishirini, awe ameifunga fundi au mimi.

Sina ugomvi na alteneta iliyokarabatiwa. Ikiwekwa brashi mpya, beringi mpya na regyuleta nzuri ya kudhibiti volti, inafanya kazi miaka. Angeniambia ukweli ningeinunua hiyohiyo, kwa bei yake. Kinachoniuma ni kuuziwa chakavu kwa jina la mpya, halafu nitukanwe kwamba sijui kazi.

Aliyewahi kumbana muuzaji wa namna hii akarudishiwa pesa yake aniambie alianzia wapi. Picha za brashi na skrubu ninazo. Risiti ninayo pia, na kwa mwandiko wake mwenyewe imeandikwa "mpya".