RV ipi inafaa kuishi mwaka mzima kwa muuguzi anayehama kila baada ya wiki 13?

Mama Salma (Houston, Texas)

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na tangu mwaka jana ninafanya kazi za mkataba, yaani wiki 13 katika hospitali moja na wiki 13 nyingine katika jimbo jingine. Mume wangu anafanya kazi kwa kompyuta popote penye intaneti, na tuna binti wa miaka mitano. Tumechoka kulipia nyumba Houston huku tukilipia chumba kingine kule ninakopangiwa, kwa hiyo tumekusudia kuuza samani, kurudisha funguo za nyumba na kuhamia moja kwa moja kwenye RV, yaani gari au trela lililojengwa kama nyumba ya kuishi.

Mume wangu ameipenda ile ya Daraja A, yenye umbo la basi, kwa sababu nyumba na injini ni kitu kimoja. Mimi ninavutiwa zaidi na trela la gurudumu la tano, lile ambalo shingo yake inaketi juu ya bodi ya pikapu. Pikapu tunayo, ya kawaida, ile inayoitwa ya nusu tani, na muuzaji alituhakikishia kwamba inaweza kuvuta chochote kilichopo uwanjani kwake. Naomba mnieleze, ninyi mnaoishi maisha haya, ni kigezo gani kitangulie katika kuchagua.

Mzee wa Jangwani (Arizona)

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mimi na mke wangu tumo ndani ya trela la gurudumu la tano kwa mwaka wa sita sasa. Kigezo cha kwanza ni mara ngapi mtahama, na mkishaegesha, mtatembelea gari gani. Anayehama kila baada ya siku mbili tatu ananufaika na gari lenye injini yake, maana akifika anazima na kulala. Wewe utakaa miezi mitatu mahali pamoja, na kila siku utakwenda kazini na kurudi. Ukinunua Daraja A itakubidi uburute gari dogo nyuma yake, na hapo utakuwa na injini mbili za kuhudumia, huku ile kubwa ikikaa kimya wiki 13 na matairi yake yakizeeka juani. Ukiwa na trela, unalifungua kutoka kwenye pikapu, unaliacha kambini, na pikapu inakupeleka kazini.

Daraja B, vile vigari vilivyojengwa ndani ya magari ya mizigo (van) kama Sprinter au Transit, msivifikirie kwa watu watatu, hata mkivionea raha kwenye picha.

Jambo ambalo hukulitaja ni zamu za usiku. Kama unazifanya, utalala mchana wakati mtoto anacheza na shemeji yupo kwenye simu na wateja wake, kwa hiyo tafuteni chumba cha kulala chenye ukuta na mlango wa kweli, si pazia. Katika matrela ya gurudumu la tano chumba hicho mara nyingi kipo juu ya shingo, mbali kidogo na sebule, na kwangu mimi hiyo ni sababu nzito kuliko meko na televisheni ambazo wauzaji hupenda kuonyesha.

Sasa kuhusu maneno ya muuzaji. Uwezo wa kuvuta ni namba moja, na uwezo wa kubeba ni namba nyingine. Pikapu nyingi huishiwa na ule wa kubeba kwanza. Fungueni mlango wa dereva, msome kibandiko cheupe na njano kinachotaja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Trela la gurudumu la tano hukalia bodi ya pikapu kwa takriban asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake. Likiwa la paundi 12,000, hizo ni paundi 2,400 kwa uchache, hata kabla hamjapanda ninyi. Trela la kawaida, linalofungwa nyuma ya bampa, hulalia ndoano kwa asilimia 10 hadi 15. Fanyeni hesabu kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye trela, si ule wa trela tupu, kwa sababu hakuna anayeishi ndani ya trela tupu.

Shangazi Barabarani (New Mexico)

Ninakubaliana na mzee, nami ninasema kama mtu aliyeanza na Daraja C, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Mwaka wangu wa pili giaboksi ilikufa barabarani. Gereji lilisema siku mbili, zikawa tisa, na kwa siku zote hizo nyumba yangu ilikuwa imefungiwa ndani ya uzio wa watu wengine, nami nikiwa kwenye moteli na mfuko mmoja wa nguo. Friji liliishiwa na umeme, na kilo nne za samaki nilizokuwa nimezinunua kwa ajili ya wageni zikaozea humo. Harufu ile ilidumu kuliko deni la moteli. Pikapu ikiharibika, trela linabaki kambini na nyinyi mnabaki nyumbani.

Kwa upande wa mtoto, shemeji akiendelea kushikilia Daraja A, mwulize kiti cha mtoto atakifunga wapi. Sehemu nyingi za kukaa ndani ya magari hayo zinatazama ubavuni, na kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kiti cha namna hiyo. Katika pikapu yenye milango minne suala hilo halipo.

Mkazi wa Baridi (Minneapolis)

Mimi nitaongeza jambo moja tu, kwa sababu mikataba ya wauguzi haichagui majira. Ukipangiwa kaskazini mwezi wa Januari, maneno "misimu minne" yaliyobandikwa ubavuni mwa trela hayatakusaidia, kwani hayo ni maneno ya biashara. Lala chini chali, uangalie kama matangi na mabomba yamefunikwa na kama hewa ya moto ya tanuru inafika huko. Usiku wa baridi kali tanuru hula gesi ya propani kwa kasi ya kukushangaza, mpira wa maji wa kawaida huganda usipokuwa wa kupashwa joto kwa umeme, na pumzi zenu pamoja na mvuke wa wali hugeuka matone kwenye vioo na nyuma ya magodoro. Nunueni kifaa cha kukausha hewa kabla ya kununua zulia.

Hesabu Kwanza (Dallas)

Dada, hakuna aliyegusa posho. Kama sehemu ya malipo yako ni posho ya malazi na chakula isiyokatwa kodi, posho hiyo inategemea kuwa na makao ya kikodi, mahali unapopatumia na kupagharamia kweli huku ukisafiri kikazi. Mtu asiye na kituo maalumu cha kazi wala mahali pa kudumu pa kuishi huhesabiwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kuwa mhamaji. Makao yake ni pale anapofanya kazi siku hiyo, na posho inaweza kutozwa kodi. Zungumza na mtaalamu wa kodi kabla ya kurudisha funguo za nyumba, maana jibu lake linaweza kubadilisha kiasi cha fedha ulichopanga kununulia RV.

Mama Salma (Houston, Texas)

Ninawashukuru sana, na wewe mzee, shikamoo. Kweli ninafanya zamu za usiku, na sikujua kwamba mlango wa chumba ni sehemu ya hesabu.

Jana baada ya Isha mume wangu alitoka na tochi kwenda kusoma kibandiko. Kimeandikwa paundi 1,512, kwa hiyo trela la gurudumu la tano tumelifuta kabisa kwa pikapu hii. Tukajaribu trela la kawaida la paundi 7,500 ambalo tayari tulikuwa tumelipenda: kwa asilimia 13 ni paundi 975 kwenye ndoano, vyuma vya kufungia takriban 100, na sisi watatu 380. Zinabaki paundi 57, ambazo ni mfuko mmoja wa mchele wa kilo 25, na nguo hatujapakia. Alirudi ndani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema Daraja A tuiache nayo.

Jumatatu ninamwona mtaalamu wa kodi. Akisema tubaki na chumba hapa Houston, tutatafuta trela lisilozidi paundi 6,000 lenye chumba chenye mlango. Kama kuna anayejua trela lenye mpangilio wa namna hiyo pamoja na kitanda cha mtoto, tafadhali aniandikie ni la urefu wa futi ngapi.