Mjadala: Shujaa mwenye ualbino na uchawi wake, tuwape watoto wasome?

MLETA MADA

Wakuu, naomba mawazo yenu, hasa wazazi na walimu wa Kanda ya Ziwa.

Likizo hii nimemsimulia binti wa dada yangu, yuko darasa la sita, riwaya ya Akata Witch ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Ilitoka mwaka 2011, ni ya Kiingereza, kwa hiyo mchana nasoma sura moja, usiku namsimulia kwa Kiswahili. Shujaa wake, Sunny, ana miaka 12, amezaliwa New York, anaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino. Hatoki bila mwavuli mweusi, na mpira anacheza usiku na kaka zake kwa sababu jua linamuunguza. Halafu anagundua kwamba ni mmoja wa Watu wa Chui, wenye uchawi wanaoishi kwa siri katikati ya watu wa kawaida.

Kitabu ni kitamu, nasema wazi. Pesa yao, chittim, hudondoka kutoka hewani mtu anapojifunza jambo, na jambo likiwa gumu zinadondoka nyingi. Binti alishika daftari la hesabu siku mbili mfululizo, kila akipata jibu anatazama dari.

Tukafika kwenye kipawa cha Sunny. Humo, kile ambacho watu hukiona kasoro ndicho chimbuko la uwezo. Rafiki yake Orlu, ambaye kusoma kunamsumbua, anatengua uchawi wa wengine. Sunny, kwa ualbino wake, anaweza kutoweka asionekane. Binti akanyamaza, kisha akauliza: "Mama mdogo, kwa hiyo hata yule ninayekaa naye dawati moja anaweza kupotea?"

Nilikosa jibu. "Albino hafi, hutoweka": uongo huu tumekua tukiusikia, na ndio mtaji wa wapiga ramli. Serikali iliwapiga marufuku Januari 2015, na bado mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa kwao Muleba akauawa.

Msimamo wangu: kisikae kwenye maktaba za shule za msingi. Sekondari sawa, mwalimu akiwepo. Mnasemaje?

MCHANGIAJI

Dada, mimi nina ualbino. Nilikisoma nikiwa mtu mzima na nililia. Vitabu vyangu vya shule havikuwa na mtoto hata mmoja wa rangi yangu. Tulisikika kwenye taarifa ya habari tu, tena tukiwa marehemu. Sunny anapigwa na wanafunzi wenzake, anainuka, anaingia uwanjani kucheza mpira.

Halafu adui umemruka. Black Hat Otokoto anateka watoto na kuwaua kwa ajili ya nguvu za uchawi. Jina Otokoto Wanigeria wanalijua tangu mauaji ya mtoto kule Owerri mwaka 1996, mji ulipolipuka kwa hasira. Na anayesimama mbele ya muuaji huyo ni msichana mwenye ualbino na marafiki zake. Ukimfungia Sunny kabatini, umenifungia na mimi.

Kinachonitia hofu ni kingine: akishaingia kwa Watu wa Chui, jua halimuunguzi tena. Mtoto wetu akiamini hilo atavua kofia na kuacha mafuta. Saratani ya ngozi imetumaliza wengi kuliko mapanga.

MLETA MADA

Asante sana. La adui ni kweli nililipita mbio, na la jua sikuliona kabisa.

Jana nimemrudia binti. Nimemwambia rafiki yake hapotei, akiumizwa anatoka damu kama yeye, na jua likimuunguza kidonda kinakaa. Akasema, "Basi kesho nitampisha kivulini." Kwa hiyo nalegeza: darasa la sita na la saba wasome, mradi mtu mzima awepo wakifika kwenye kipawa.

Ila kuna mtoto ambaye huyo mtu mzima wa nyumbani kwake ndiye anayeamini kwamba albino hutoweka. Huyo atasoma na nani? Walimu, semeni.