Desemba hii tupande treni kwenda Moshi, au kila mtu na gari lake?

MpandaReli
Wakuu, Desemba hiyo inakuja na najua wengi humu mmeshaanza kupeleka magari gereji kwa ajili ya safari ya kwenda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani Kilimanjaro kula Krismasi. Naleta hoja: kwa nini tusiyaache magari Dar tukapanda treni? Njia ile ilikaa bila treni ya abiria miaka kama 25. Ikarudi Desemba 2019, mwaka uliofuata ikafika hadi Arusha. Tuliililia, tumeipata, sasa tunaipa kisogo. Barabara ya Chalinze, Segera hadi Himo wiki ya Krismasi mnaijua wenyewe: malori, mabasi, mtu anapita lori kwenye kona, tochi za trafiki za kupima mwendo kila penye makazi. Kwenye treni unalala, watoto wananyoosha miguu, unaamka uko Same. Na tuseme ukweli, wengine gari hawalihitaji kabisa kule, ni la kwenda kupaki mbele ya kanisa watu waone.

Kibosho Halisi
Ulikuwa unaongea vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Gari langu nimelinunua kwa jasho langu, na nikilipaki kanisani ni kwa sababu nimekuja kusali. Ulitaka nilipaki wapi, juu ya mgomba?

Mama Wawili
Mimi naunga mkono treni. Nilienda na wanangu, mdogo akiwa na miaka mitatu. Kwenye basi mtoto akibanwa unambembeleza konda kama unaomba msamaha. Kwenye treni choo kipo, chakula kipo, mtoto akichoka kukaa anatembea. Saa ni nyingi, hilo sikatai: tuliondoka mchana tukafika siku ya pili asubuhi. Lakini nililala, jamani! Kulipokucha milima ya Upare ilikuwa dirishani, na baadaye wanangu wakauona Kilimanjaro uko wazi, theluji yote juu, kabla mawingu hayajaufunika. Kwa gari nimepita pale mara nyingi sijawahi kuuona hivyo, maana macho yote yako barabarani.

Dereva Mstaafu
Wanangu, njia hiyo nimeiendesha miaka 22, basi kwanza, lori baadaye. Kinachoua si ubovu wa barabara. Ni kijana anayetoka kazini Ijumaa jioni, anapakia mke na watoto, anaendesha usiku kucha kilomita 550 na ushee ili awahi misa. Ukishapita Mombo barabara inanyooka, mkonge huku na huku, joto, hakuna cha kukushtua. Usingizi unakuja pale. Mimi nimewahi kushtuka nikiwa nimeshavuka mstari. Dereva wa basi angalau ndiyo kazi yake. Yule wa gari dogo anaendesha safari ndefu mara moja kwa mwaka, na anaichagua siku mbaya kuliko zote.

Kibosho Halisi
Mzee shikamoo. Bado namsubiri MpandaReli anijibu.

Binti wa Lushoto
Mnaongea kama mlima ni mmoja tu. Sisi wa Usambara reli inapita miguuni kwetu, pale Mombo. Kutoka hapo ni kupanda tu, kona juu ya kona, kilomita kama 30 hadi Lushoto. Kila nikisikia "watalii waje kwa treni" najiuliza: treni inayotoka Dar mchana inafika Mombo usiku, sasa mgeni na begi lake ashuke aende wapi? Haisi hakuna saa hiyo, na bodaboda usiku kwenye zile kona simshauri hata adui. Wageni wanaotaka kwenda Irente au Mtae wanapanda basi la mchana, wanafika jua lipo. Tatizo si behewa. Tatizo ni kwamba ukishashuka stesheni hakuna anayekungoja.

Fundi Kinyerezi
Dada, tatizo ni reli yenyewe. Ni ile nyembamba ya Mwingereza. Subirini SGR, ile reli mpya pana ya umeme, ifike kaskazini ndiyo tuongee. Dar–Dodoma tangu 2024 watu wanasahau hata mabasi.

Mjukuu wa Stesheni
Mwingereza gani, mkuu? Hiyo ni ya Mjerumani. Walianza Tanga mwaka 1893, Mombo wakafika 1905, Moshi 1911. Mwingereza aliikuta, akaisogeza hadi Arusha, ikafika 1929. Babu yangu kafanya kazi stesheni ya Korogwe maisha yake yote, haya mambo tumelishwa na uji.

Fundi Kinyerezi
Mjerumani, Mwingereza, mkoloni ni mkoloni. Upana ni ule ule wa mita moja.

Mjukuu wa Stesheni
Si sawasawa hata kidogo, na ndiyo sababu mnachelewa kufika. Mjerumani aliijenga itoe mazao milimani na mashambani ipeleke bandari ya Tanga. Haikujengwa kwa ajili ya mtu wa Dar. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kinachoiunganisha na reli ya kati kilikamilika 1963, uhuru tumeshapata. Kwa hiyo ukitoka Dar unaanza kwenda magharibi mpaka Ruvu, ndipo unakata kaskazini. Mnailaumu treni, wakati njia yenyewe iliwalenga watu wengine.

Fundi Kinyerezi
Basi nimekuelewa. Lakini hapo umeniunga mkono: tunahitaji njia mpya.

Mjukuu wa Stesheni
Sijakuunga mkono. Nimekusahihisha.

MpandaReli
Kibosho Halisi, sikukutaja jina. Ila ukiona limekukaa, ujue lako.

Kibosho Halisi
Sasa umenigusa pabaya, nitakujibu vizuri usikie. Baba yangu alikuwa anateremka mjini kwa miguu, ndizi kichwani, anapanda tena jioni. Nilimwahidi kumpandisha mlima kwa gari. Nimelipata gari miaka minne baada ya kumzika. Mama yupo, magoti hayafanyi kazi. Siku zile kumi ninazokuwa nyumbani ndizo anazofika hospitali, anafika kwa dada yake Marangu, anafika kanisani bila kubebwa mgongoni. Wewe treni yako inanishusha stesheni ya Moshi, mjini, kwenye tambarare. Kwetu ni juu, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Treni itambeba mama yangu kutoka kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani?

Mama Wawili
Pole sana kaka kwa mzee. Ila si mnaweza kupanda treni hadi Moshi, halafu mkodi Noah kwa zile siku unazomtembeza mama? Sisi tulifanya hivyo siku tatu.

Kibosho Halisi
Dada yangu, wiki ile Noah ya kukodi unaisikia tu. Kila aliyeshuka kwenye basi anaitaka hiyo hiyo moja. Na ukiipata, bei ni ya Krismasi.

Binti wa Lushoto
Si ndiyo niliyosema? Haisi za milimani zingekuwa na ratiba inayofuata treni, huku Mombo na huko Moshi, nusu ya ugomvi huu usingekuwepo.

Dereva Mstaafu
Kibosho, mwanangu, wewe unatoka lini na saa ngapi? Hilo ndilo nililotaka kulijua tangu mwanzo.

Kibosho Halisi
Tarehe 22 mzee, nikitoka kazini. Saa moja jioni hivi.

Dereva Mstaafu
Peke yako kwenye usukani?

Kibosho Halisi
Peke yangu.

MpandaReli
Mangi Kibosho, kuhusu mzee na mama nimekukosea, naomba unisamehe. Ile kauli ya kanisani naifuta. Ya treni siifuti. Familia yako ingepanda treni, wewe ukalipeleka gari tarehe 23 alfajiri ukiwa umelala.

Kibosho Halisi
Nimekusamehe. Mke wangu ameisoma hii hapa pembeni yangu, anasema tiketi za watoto zinakatwa wapi.

Fundi Kinyerezi
Mjukuu, nimeuliza mtu. Anasema Moshi ni 1912.

Mjukuu wa Stesheni
1912 ni kuzindua. Kufika ni 1911. Mwambie huyo mtu aje mwenyewe.